Kosa Alilojifunza Kulikiri

Aliyekosa ya juma lililopita asione tabu, yanayohitaji kukumbushwa ni machache. Dorcas Thoya, baada ya kukimbiwa na mume na kibanda chake cha mahamri kuvunjwa pale Ziwa la Ng'ombe, alishukuru kupata kazi Kiembeni ya kumtunza ajuza asiyeweza hata kujigeuza kitandani. Ajuza huyo, Bibi Rosalia, ni mamake Jacktone, mwenye nyumba, mtu wa bara afanyaye kazi bandarini. Mkewe Jacktone ni Lynnette.

Tulikomea siku ambayo mifereji ilikauka mtaa mzima. Mume na mke walikuwa kazini. Dorcas alitoka na madumu kwenda kisimani, akamwacha Bibi pamoja na Mweri, binti yake yeye Dorcas, msichana wa miaka tisa, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Aliporudi, Bibi alikuwa amekata roho. Daktari wa polisi akasema si maradhi. Ni mto. Kuna mtu aliyeuweka juu ya uso wa Bibi, akaukandamiza.

Mpelelezi aliyepewa kesi hiyo aliitwa Kioko, na Kioko hakumpiga Dorcas hata kofi. Hili lazima lisemwe, maana wako wanaodhani mtu hakiri uongo mpaka ang'olewe kucha. Kioko alimletea chai ya rangi na mkate. Alimwuliza kama kiti kinamuumiza.

Kisha akamweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto hesabu. Mlango haukuvunjwa. Hakuna jirani aliyeona mgeni. Kitu hakikuibwa.

"Basi mimi sina watu wengi wa kuchagua," Kioko akasema. "Ni wewe, au ni binti yako."

Dorcas alicheka. Kioko hakucheka.

"Kesho nitamleta akae kwenye kiti hicho hicho. Watoto hawachukui muda mrefu."

Hapo ndipo Dorcas alipokumbuka jambo ambalo tangu msiba alikuwa akilikwepa. Siku chache kabla ya kifo, Bibi Rosalia, akiwa kitandani, alimwita Mweri akamchapa fimbo ya mkononi kwa kumwagia uji shuka. Baadaye, Dorcas akimsuka nywele, msichana aliuliza: Bibi akifa, sisi tutarudi kwetu? Na Dorcas, kwa uchovu, akamjibu ndiyo, tutarudi.

Aliuona mto. Aliuona mkono mdogo. Hakutaka kuona zaidi.

"Usimlete," akasema. "Ni mimi."

Kioko hakuuliza mara ya pili. Alimpeleka kwa mkubwa wake, Dorcas akayarudia maneno yale, yakaandikwa, akaweka sahihi. Chai ilikuwa bado ina moto.

Akashtakiwa kwa mauaji. Akapelekwa rumande, gereza la wanawake, kungoja kesi.

Kesi haikuja. Mara jaji yuko likizo, mara daktari amehamishwa, mara faili imepotelea ofisini. Chumba alicholala kilikuwa na wanawake wengi kuliko mikeka. Mmoja wao alikuwa amekataa kukiri kosa lake tangu mwanzo, akisema yeye hana hatia na Mungu anajua. Mungu alijua, lakini mahakama haikuwa na nafasi. Mtoto aliyemzaa humo ndani alifikia umri wa kutolewa gerezani, akatolewa akilia, na kesi ya mama haijaitwa.

Katika mateso hayo, Dorcas alikuwa na faraja moja, nayo ni Lynnette.

Ndugu zake Dorcas kule Ganze walikuwa wamesusa, hawataki kusikia habari za muuaji. Mweri angetupwa wapi? Lynnette ndiye aliyemchukua. Mwanamke ambaye mama mkwe wake kauawa akamlea mwana wa aliyemuua. Kanisani kwao watu walisimama wakampigia makofi. Mchungaji alihubiri juu yake Jumapili mbili.

Lynnette alikuja gerezani na sabuni, na nguo za ndani, na habari za Mweri. Mweri ameongoza darasa. Mweri amenunuliwa viatu. Dorcas alipiga magoti kwenye saruji ya chumba cha wageni, akambusu mikono. Alibusu kiganja, akabusu na mgongo wa mkono.

"Inuka, Dorcas," Lynnette akamwambia. "Mimi sikuchukii. Wewe tulia tu, ukubali yaliyotokea, Mungu atakufungulia."

Alipoondoka, Dorcas alimwombea maisha marefu.

Wakili wake alipewa na serikali. Aliitwa Abubakar, kijana wa Jomvu Kuu, mwenye sauti ya upole na koti lililochakaa viwiko. Alikuja na habari. Upande wa mashtaka uko tayari kwa makubaliano. Dorcas akikiri, shtaka la mauaji litashushwa liwe kuua bila kukusudia. Jamaa za marehemu wameulizwa, kama sheria itakavyo. Jacktone alisita sana, lakini mkewe alimsihi asamehe. Na mwendesha mashtaka atapendekeza kifungo cha nje. Atalala kwake, atafanya kazi za umma, atamlea mwanawe.

Dorcas hakuamini masikio yake.

"Kabla hujafurahi," Abubakar akasema, "nakuuliza, dada yangu, na unijibu kwa haki ya Mungu. Ulimuua?"

"Nikisema sikumuua?"

"Basi siwezi kukusimamisha mbele ya jaji useme ulimuua. Wallahi hiyo si kazi yangu. Tutangoja kesi, tupigane."

"Na kwenye kesi, mwanangu ataulizwa?"

"Ataulizwa. Yeye ndiye aliyekuwa ndani."

 Nje, mlinzi alikuwa akimgombeza mtu kwa sababu ya ndoo.

"Nilimuua," akasema.

Abubakar alimtazama. Huenda alijua. Huenda alikaribia kujua, akasimama mlangoni asiingie. Alikuwa na wateja wengine siku ile, na wakili hawezi kumkatalia mteja kauli yake. Akamwambia tu kwamba jaji hatapokea "ndiyo" tupu. Atataka kusikia lilivyotendeka, kwa kinywa chake mwenyewe.

Hapo Dorcas akagundua kwamba hajui kuua.

Alipoanza kueleza, alisema Bibi alipiga kelele. Abubakar akamwuliza, bila kumwangalia, kelele hizo zilipenyaje kwenye mto, na kama zilipenya, vipi jirani asisikie. Dorcas akazifuta kelele. Alisema alisimama upande wa dirisha. Akaulizwa, kitanda si kilikuwa kimegusa ukuta huo? Akahamia upande wa pili. Wakili hakumfundisha neno hata moja. Aliuliza tu yale ambayo jaji angeuliza, na kila swali likamwonyesha Dorcas pa kuziba.

Akaenda kuziba. Akiwa kwenye mkeka wake alikunja blanketi, akalikandamiza, aone mikono inachoka wapi. Ilichoka kwenye vifundo. Basi akaongeza kwamba katikati alichoka, akabadilisha mkono. Wanawake wenzake walimsikiliza akijisemea, nao wakatikisa vichwa: hapo sasa panaaminika.

Ubaya ni kwamba alimpenda yule ajuza. Yeye Dorcas ndiye aliyempaka mafuta mgongoni asioze, ndiye aliyemchekesha. Sasa alikuwa akimuua kila siku, kwa maneno, na kila siku akimuua vizuri zaidi.

Siku ya kukiri ilipofika, gari la gereza lilivuka daraja likaingia mjini. Jaji alikuwa mama wa makamo, mwangalifu, mwenye kusema polepole. Alimwuliza kama amelazimishwa. Hapana. Kama ameahidiwa kitu nje ya makubaliano. Hapana. Kama anajua kwamba, pamoja na makubaliano hayo, adhabu ni juu ya mahakama. Dorcas alijibu anajua, kama mtu ajibuvyo salamu.

Kisha akaombwa aeleze.

Alieleza. Alisema alikuwa amechoka na matusi ya Bibi, akaurudia mto, akaurudia mkono wa kulia, akabadilisha wa kushoto. Alipofika kwenye miguu ya Bibi, jinsi ilivyosukuma shuka mpaka ikatulia, Jacktone aliinama kwenye benchi akalia kwa sauti, mwanamume mzima. Lynnette aliyekuwa kando yake hakulia. Alikuwa akimwangalia Dorcas kwa makini, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayesikiliza habari za mji anaoufahamu zikisimuliwa na mtu asiyewahi kufika huko.

Jaji akampata na hatia. Hukumu ikaahirishwa hadi ripoti ya afisa wa kifungo cha nje iwe tayari.

Dorcas alirudi rumande akiwa mwepesi. Mwanawe hataulizwa milele.

Na sasa sikilizeni.

Kabla ya siku ya hukumu, Lynnette alimleta Mweri. Tangu mama akamatwe, mtoto hakuwahi kuletwa. Lynnette alisema gereza litamtia ndoto mbaya. Sasa kwa kuwa mama anakaribia kutoka, akasema, wacha waonane. Mweri alikuwa amerefuka. Gauni jipya, nywele zimesukwa mistari myembamba na fundi wa saluni. Walipoketi tu, askari jela alimwita Lynnette mlangoni: simu yake ilikuwa inalia mkobani, na simu haziruhusiwi. Akatoka kwenda kuiweka.

Mama na mwana wakabaki.

"Mama," Mweri akasema, "kwa nini ulimuua Bibi?"

Dorcas alidhani mtoto anajificha. Akamshika vidole, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asiogope, mama anajua, mama amesema ni yeye ili Mweri asiulizwe.

"Niulizwe nini?"

"Ulichokifanya, mwanangu. Sikukasirikii."

Mweri akamwangalia bila kuelewa. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, na Dorcas, aliyeuzaa uso ule, akaona hauna kitu kilichofichwa.

"Mimi sikufanya kitu. Mimi nilikwenda dukani."

"Duka gani?"

"Anti Lynnette alikuja kwa mlango wa nyuma. Akanituma biskuti. Niliporudi alikuwa anatoka, akasema Bibi amelala nisimwamshe. Akaniambia nisiseme alikuja."

"Na hukusema."

"Alisema nikisema, wewe utanyongwa."

Kwanza Dorcas aliona furaha. Msimlaumu. Kwa muda wote ule alikuwa akiamini kwamba amezaa muuaji, na sasa akaambiwa hakuzaa. Furaha ilimjaa kifuani akataka kumkumbatia mtoto.

Kisha vitu vikaanza kujipanga. Bibi Rosalia kila asubuhi akimwambia mwanawe Jacktone, mkewe akisikia, kwamba nyumba isiyo na mtoto si nyumba, alete mke wa pili mwenye tumbo linalofanya kazi. Lynnette akikoroga uji bila kujibu. Sabuni. Viatu. Wewe tulia tu, ukubali.

"Anasema nimwite Mama," Mweri akasema. "Nimwite?"

Lynnette akaingia, akitabasamu, akiuliza wamezungumza nini. Dorcas alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu kwamba wamezungumza habari za shule.

Lynnette akaaga. Akashika mkono wa Mweri akatoka naye. Na Dorcas alibaki pale pale alipopigia magoti siku ile, akiifuta midomo yake kwa kiwiko, akaifuta mpaka ikachubuka.

Abubakar alimsikiliza siku ya hukumu, kwenye chumba cha mahabusu chini ya mahakama. Uso wake ulibadilika rangi. Alikaa chini bila kuangalia kama benchi ni safi.

Akamweleza mambo yalivyo. Kabla ya hukumu, kukiri kunaweza kuondolewa, akiomba na jaji akiridhika. Maneno aliyoyasema kizimbani hayatatumiwa dhidi yake. Sheria inasema hivyo, ingawa masikio ya watu hayafutiki. Lakini makubaliano yote yatakufa, shtaka la mauaji litarudi kama lilivyokuwa, na kila kitu kitasimama juu ya shahidi mmoja, mtoto aliyekuwa na miaka tisa siku ya tukio.

"Nikisema hivi leo," Dorcas akauliza, "mwanangu atalala kwa nani jioni?"

Abubakar alisema ataomba amri mtoto atolewe pale nyumbani.

"Itatoka leo?"

 "Inshallah," akasema, na wote wawili walijua kwamba hiyo haikuwa ndiyo.

Dorcas akafikiri. Mwanamke aliyemkandamiza mama mkwe wake mto, amgundue mtoto ambaye neno lake moja linamfunga. Jioni nzima. Nyumba ile ile, mito ile ile.

Na upande mwingine kuna nini? Kunyamaza tu. Apande kizimbani, asikie kifungo cha nje, ashuke. Kabla jua halijachwa atakuwa Kiembeni anamchukua Mweri, na kesho wako mbali. Jina la muuaji atalibeba. Ganze wamekwisha kulitamka, halina jipya.

"Nyamaza," akamwambia wakili. "Nami nitanyamaza. Nikishampata mkononi, ndipo nitasema."

"Dada Dorcas, mimi nimesikia. Siwezi kujifanya sikusikia."

"Ulijifanya mara ya kwanza."

Abubakar aliinamisha kichwa. Akapanda ngazi mbele yake.

Ukumbini watu walikuwa wachache. Jacktone, amekonda. Lynnette, na kitambaa cheupe kichwani. Mweri katikati yao, benchi la mbele. Lynnette alisema amemleta ili amwone mama yake akiachiliwa, na mwendesha mashtaka aliguswa na jambo hilo akalitaja mbele ya mahakama kama mfano wa msamaha.

Jaji akauliza kama mshtakiwa ana la kusema kabla ya hukumu.

Dorcas alimtazama Mweri. Mkono wa Lynnette ulikuwa umelala juu ya shingo ya mtoto, wepesi, wa mapenzi, kidole gumba kikimpapasa nyuma ya sikio.

"Sina, Mheshimiwa."

Jaji akavaa miwani, akasoma. Alisema amezingatia makubaliano. Alisema amezingatia msamaha wa jamaa, ambao umemgusa. Ripoti nayo ilikuwa nzuri. Abubakar akaanza kupumua.

Lakini, jaji akasema, makubaliano yanaifunga serikali, hayaifungi mahakama katika adhabu. Na yeye kuna jambo moja limemnyima raha tangu siku ile. Mshtakiwa mwenyewe, bila kulazimishwa, alieleza kwamba katikati ya kitendo alichoka, akabadilisha mkono.

"Mtu anayebadilisha mkono amepata nafasi ya kuacha," jaji akasema. "Mshtakiwa aliipata nafasi hiyo, na aliyekuwa chini ya mto hakuweza hata kujigeuza. Kifungo cha nje kitakuwa dhihaka."

Miaka kumi na miwili gerezani.

Dorcas hakuelewa kwanza. Alimgeukia Abubakar, akamwona anasimama, anafungua kinywa, anaomba mahakama isikie jambo jipya. Jaji akamwambia kwa upole kwamba hukumu imekwisha kutolewa, na milango ya rufaa iko wazi.

"Si mimi," Dorcas akasema. "Mheshimiwa, si mimi. Sikumuua."

Askari jela akamshika mkono wa juu. Jaji alimtazama kwa huzuni. Alikwisha kuyasikia maneno hayo mara nyingi katika kazi yake, na kila mara yalikuja baada ya hukumu, hayakuja kabla. Akaanza kukusanya karatasi zake. Karani akawaambia watu wasimame.

Watu wakasimama, wakaanza kunong'ona na kutafuta mikoba. Dorcas alikuwa amekwisha kugeuzwa kuelekea ngazi ya kushukia chini. Akageuza shingo amwone mwanawe mara ya mwisho.

Mweri alikuwa amepanda juu ya benchi. Hakulia wala hakuita. Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia juu, umenyooka, kama afanyavyo mwanafunzi darasani, na anangoja aruhusiwe kusema.

Jaji aliyekuwa amekwisha kuinuka akauona mkono ule juu ya vichwa vya watu. Akasita. Akaketi tena. Ukumbi nao ukaketi, mmoja mmoja, hata kukawa kimya.

"Mtoto huyu ni wa nani?" jaji akauliza.

Dorcas alivuta pumzi ajibu. Kabla sauti haijatoka, Lynnette alikuwa amesimama. Alimshusha Mweri kutoka kwenye benchi kwa mikono miwili, akamkumbatia, uso wa msichana ukazama katika kifua chake, akaukandamiza hapo.

"Ni wangu, Mheshimiwa," akasema.